Jini wa Shoga Yangu

Tanga huwezi kubuni jini. Ukimbuni, mmoja atakuuliza anakaa upande gani, na mwingine atakwambia anamfahamu. Mie nililijua hilo tangu utotoni, ila nikajitia uziwi, kwa kuwa hadithi ilikuwa imeshanikolea.

Nilikuwa nashona mtaa wa Nguvumali, chumba kimoja na shoga yangu, cherehani zetu zikitazamana. Kazi ikipungua nilikuwa narekodi hadithi kwa sauti, kipande kipande, naitupia kwenye kundi la simu la wanawake wa mtaani. Msichana wa hadithi nilimbuni mwenyewe, ukucha hadi unywele. Mama yake alikaa miaka bila mtoto, akaenda Tongoni kwenye makaburi ya kale, akamwahidi jini wa pale: nipe mtoto, nami nitakupa sauti yake. Basi msichana akazaliwa mzuri, hana neno lake mwenyewe. Kila kukicha alisubiri watu waseme, ndipo aokote maneno yao na yeye aseme. Nyumba ikiamka kwa ugomvi, siku hiyo hana cha kuombea chai ila matusi. Wanawake walimcheka, wakamlilia, wakanidai kipande kingine kabla sijanywa maji.

Huzuni ya msichana yule niliitoa kwangu. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la sita, na nilinyamaza. Sikusema na mtu mwezi mzima, mpaka bibi aliyenilea akanipeleka kwa shehe, nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Sauti ikarudi. Jambo hilo nje ya nyumba yetu nilimwambia mtu mmoja tu, shoga yangu, siku tunakunja mapindo ya sare za harusi. Alilia kuliko mimi.

Siku hiyo hiyo, akijifuta macho, akaniambia kwa kuvuta maneno puani kama kawaida yake, "Lakini hadithi yako imepoa, shoga. Msichana mkubwa vile hana mume? Mpe jini mahaba. Kila mchumba akija, jini anamtoa roho."

Nikacheka, nikampa. Kweli hadithi ikanoga, na yule jini akawa maarufu kuliko msichana mwenyewe.

Haikupita muda nikaposwa. Fundi wa mafriji, wa Usagara, mtu wa kucheka taratibu, na nilimpenda. Sioni haya kulisema. Kwetu posa ikija, upande wa mume hutuma mtu wa kuulizia: binti ana tabia gani, katoka kwa watu gani. Huulizwa jirani, huulizwa shoga. Na shoga anajua kazi yake hapo: kusifu, na akikosa la kusifu, anyamaze. Shangazi wa mchumba alikuja chumbani kwetu siku nimekwenda sokoni kutafuta zipu. Niliporudi shoga yangu alinisaidia kuzipanga zile zipu kwa rangi, wala hakutaja kwamba kuna mtu kaja.

Baada ya siku chache shangazi yule akafika nyumbani. Nikampa shikamoo, nikamtengea chai. Hakuigusa. Akaniuliza mbele ya bibi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni kweli uliwahi kupotewa na sauti ukatibiwa?"

Nikamwambia ni kweli.

"Na yule wa kwenye simu, mwenye mume asiyeonekana, shoga yako anasema ni wewe. Anasema yamekupata, ndiyo maana unayajua."

"Ile hadithi tu, shangazi. Jini yule ni wa kubuni."

"Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja. Sisi kijana wetu ni mmoja."

Bibi akaapa kwa kila alichonacho. Haikufaa kitu. Nilikuwa nimeshakubali la sauti, na kwa shangazi yule, aliyekubali la sauti kakubali na la mume. Wiki haikuisha, posa ikavunjwa. Mchumba hakupiga simu hata kuniuliza.

Nikamwendea shoga yangu. Alikuwa anashona, mguu haukusimama.

"Niliulizwa kwa jina la Mungu," akasema. "Ulitaka nidanganye?"

"Jini mahaba umenipa wewe. Kwa mdomo wako, umekaa hapo hapo."

"Nani kakusikia ukisema ni wangu? Umeyasema kwa sauti yako mwenyewe, watu wote wanayo kwenye simu zao."

Iliniuma. Nilimpenda kama ndugu, na ndugu wa tumbo moja mie sina. Nikafungua kichwa cha cherehani yangu, nikakibeba, nikahamia barazani kwa bibi.

Kundini wanawake wakawa wananidai hadithi. Baada ya siku kadhaa nikarekodi. Nikawaambia asubuhi moja msichana aliamka, na nyumba nzima hamna mtu isipokuwa shoga yake, kaja kumtembelea. Shoga akasema yake, akaenda zake. Siku hiyo msichana akawa na maneno hayo tu. Kila aliyepita mlangoni na kumuuliza nani kakupa jini, alijibu kwa hayo hayo. Nami nikayasema kwa kumwiga shoga yangu, na ule mvuto wake wa puani ambao mtaa mzima unaujua: "Hadithi yako imepoa, shoga. Mpe jini mahaba. Kila mchumba akija, jini anamtoa roho."

Nikakituma kipande hicho kundini. Halafu simu ikaandika kwamba shoga yangu ametoka kwenye kundi.