Singa Haikati Mbegu

Mghoi alipokuwa akitoka Kasighau kwenda kuolewa Sagalla, mama yake alimpa singa za mkia wa ng'ombe, nyeusi, zimefungwa ndani ya pindo la nguo ili mtu asizione. Kisha akamwinamia sikioni.

"Ukijifungua, mtoto asishikwe na mtu kabla yako. Tazama mikono. Ukikuta kidole cha sita, kifunge kwa singa hapo hapo, ukaze. Kitakauka na kudondoka kama kitovu. Mimi nilikufunga wewe, na mama yangu alinifunga mimi."

Mghoi alijitazama. Ubavuni mwa kila kiganja, chini ya kidole cha mwisho, palikuwa na kivimbe kidogo kama punje ya mtama. Miaka yote alidhani wanawake wote ndivyo walivyoumbwa.

"Na nisipofunga?"

"Usipofunga watasema umewaletea nuksi. Utarudishwa huku na mtoto mgongoni, tena ikiwa watakuachia mtoto."

Basi Mghoi akaishi na hofu hiyo moja, ya kurudishwa. Wengine huogopa njaa, wengine huogopa simba. Yeye aliogopa kuambiwa chukua virago vyako.

Mumewe Mwakisha alikuwa mtu wa mbuzi. Hakujua kusoma, lakini ukimwonyesha mwana-mbuzi alikutajia mama yake, bibi yake, na beberu lililompanda bibi yake. Ukoo wao ulikuwa mkali. Mtoto aliyezaliwa na alama wasiyoijua alitafutiwa mwenye kosa mpaka akapatikana, na aghlabu alipatikana mwanamke.

Mghoi alizaa watoto kadhaa, wakafa wangali wachanga, akabaki mmoja wa kiume, ambaye watu wa misheni walikuja kumbatiza Reuben. Siku aliyozaliwa huyo alikuwapo ajuza mmoja tu, naye alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mghoi alipapasa mikono ya mwanawe gizani mle jikoni, akahesabu, akahesabu tena, akatoa singa. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Ajuza akasema, "Huyu ana mapafu mazuri." Baada ya siku chache vile vidole vilidondoka, Mghoi akavizika chini ya mafiga.

Alidhani amemaliza. Lakini kila mwaka Mwakisha aliyakata masikio ya mbuzi wake kuwatia alama, ncha ya sikio la kushoto, na kabla yake baba yake alikata, na babu yake alikata. Na kila mwaka wana-mbuzi walizaliwa na masikio mazima. Siku moja Mghoi, amemshikia mumewe mbuzi miguu, aliuliza kwa mzaha, "Masikio haya hayachoki? Mnakata tangu enzi za babu, na bado yanakuja mazima."

Mwakisha akacheka. "Ewe mwanamke, kisu hukata sikio. Mbegu nani kaikata?"

Neno lile lilimwingia Mghoi kama maji baridi. Akamtazama Reuben aking'ang'ania mbuzi kwa viganja vyake viwili vyenye punje mbili za mtama. Singa haikati mbegu. Basi atakapozaa huyu, kidole kitarudi.

Ndiyo maana Reuben alipokwenda Voi kufanya kazi katika genge la reli na kumwoa Wakio, msichana wa Mbololo mwenye kicheko cha karibu, Mghoi alirudia jambo moja mpaka likawachosha. "Tumbo likikomaa, mlete mkeo huku juu. Mtoto wetu hazaliwi kwa wageni."

"Sawa, mama," alisema Reuben.

Lakini mimba haisikilizi wakwe. Wakio alishikwa na uchungu mapema, kule kule Voi, akazalishwa na Mwanarusi, mkunga wa Kiislamu aliyetoka pwani na mumewe mwenye duka. Mwanarusi alipokinyanyua kile kitoto alicheka. "Mashallah! Huyu kaja na akiba. Mwenzake akipoteza kidole yeye anacho." Akamfunga kitovu, basi. Vidole hakuvigusa, kwani kwake vilikuwa ni kazi ya Mungu.

Wakio akampenda hivyo hivyo, akamwita Fanuel. Alipopata nguvu alipanda mlima na mwanawe mgongoni, amevaa leso mpya, anakwenda kumwonyesha mama mkwe mjukuu. Mghoi alimpokea mlangoni. Akafunua leso. Kidole cha sita kilikuwa kimenenepa, kina kucha, kimemshika bibi yake kidole gumba. Hakikuwa tena cha kufungwa kwa singa, wakati ulikuwa umepita.

"Mama, mbona hunipongezi?" alisema Wakio.

Mghoi alikuwa angali na nafasi. Hakuna aliyekuwa ameona bado. Angeweza kumwita mumewe pembeni, akamfungulia viganja alivyomficha miaka yote. Badala yake akaona njia ya Kasighau, ndefu, na yeye juu yake na virago. Akapiga yowe. Ndiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga yowe, na ndilo lililowaita watu.

Wazee walikaa uani. Mwakisha alikuwa katikati, na ndugu yake Mwachofi kando yake. Mwakisha hakutukana. Aliongea kama aongeavyo juu ya mbuzi, taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwana hatoki hewani," alisema. "Mbuzi weusi wawili wakizaa mweupe, mimi simpigi mama. Natafuta. Nakuta bibi alikuwa mweupe, nanyamaza. Haya, tutafute. Kwenu Mbololo, Wakio, yuko mwenye vidole sita?"

"Hayuko, baba."

"Kwetu hayuko. Tunajua mpaka babu wa babu. Kwa mama yake Reuben?" Akamgeukia mkewe.

"Hayuko," alisema Mghoi.

"Basi beberu lilitoka nje ya zizi."

Mwachofi akacheka kwa pua. "Voi ina reli. Reli ina watu. Nenda kahesabu vidole vya mafundi, utampata baba."

Wakio hakulia. Alisimama, akamshika mumewe mkono mbele ya wazee, akaugeuza. "Na hii ni nini? Hapa, na hapa. Nimelala na mikono hii, naijua. Kila kiganja kina kinundu mahali pale pale palipo na kidole cha mwanangu. Muulizeni nani alikiondoa."

Reuben aliitazama mikono yake kama amepewa ya mtu mwingine. "Mama," alisema polepole, "hii ni nini?"

Hesabu ya Mwakisha ilikuwa sahihi, nani angeikosoa? Mtoto hurithi kwa baba na hurithi kwa mama. Kuna rangi zinazoweza kujificha vizazi viwili zikatokea kwa mjukuu. Na kuna alama kama hii ya vidole, ambayo ikiwa kwa mzazi mmoja tu yatosha, na kila mtoto ana nafasi sawa ya kuipata na ya kuikosa. Mzee alijua karibu yote haya kwa macho yake, bila kitabu. Kilichopungua katika hesabu yake ni kitu kimoja, nacho kilikuwa kimekalia kigoda mbele yake, kimekunja ngumi.

"Ni mwiba," alisema Mghoi. "Alipokuwa akitambaa alichomwa na mwiba."

"Mikono yote miwili?" aliuliza mzee mmoja, na watu wakacheka.

"Alitambaa kwa yote miwili."

"Apa," alisema Mwakisha.

Mghoi akainama, akachota mchanga, akaulamba. "Ni mwiba. Nikisema uongo, ardhi hii inikatae."

Wakio alimtazama muda mrefu. Macho yake yalishuka mpaka kwenye zile ngumi zilizokunjwa, na hapo akaelewa. Akaziona punje za mtama, bila kuambiwa. Lakini neno la mkaza mwana ni kitu gani mbele ya kiapo cha mama mzazi?

"Mwiba hauzai, mama," alisema, akambeba mwanawe mgongoni akaenda zake. Watoto wa boma walimsindikiza mpaka kwenye migomba wakiimba, "Kumi na viwili! Kumi na viwili!" Reuben hakumfuata. Aliiweka mikono yake kwapani.

Jumapili iliyofuata Mghoi alikwenda kanisani, kwa sababu alikuwa ameanza mafunzo ya ubatizo. Watu waliimba. Yeye aliuhisi ule mchanga bado kwenye meno. Mungu huvumilia mengi.

Reuben akaozwa mke wa pili, Tryphena, binti wa misheni ya Mbale. Safari hii Mghoi hakumwachia mtu nafasi. Mtoto wa kwanza alikuwa msichana, Elsie, akaja na vidole kumi, na Mghoi akakaa na singa zake mkononi bila kazi, kama mtu aliyekoswa na mkuki. Wa pili alikuwa msichana pia. Huyo alikuwa navyo. Mghoi akamgeuzia mgongo Tryphena, akafunga, akakaza. Lakini uzee ulikuwa umempunguzia wepesi, au singa zilikuwa chafu, nani ajuaye. Kidonda kilioza. Kabla ya wiki mbili kwisha taya za mtoto zikafunga, mgongo ukajipinda kama upinde, asiweze hata kunyonya.

"Mama, nini kimemwua mwanangu?" Tryphena aliuliza kaburini.

"Upepo mbaya," alisema Mghoi.

Vita vikaja. Wajerumani walipokuwa wakivizia reli, Serikali iliwashuku watu wa Kasighau kuwa wamewapa adui njia, ikawaswaga wote mpaka Malindi, wazee kwa watoto, na wengi wakafia huko kwa homa. Ndugu wa Mghoi waliondoka, na kila mkono ambao ungeweza kutoa ushahidi ukazikwa kwenye mchanga wa pwani. Mwaka uliofuata Reuben alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kwenda upande wa Salaita. Hakurudi. Hata kaburi hapana. Baada ya vita ukaja ule ugonjwa wa mafua ulioenea dunia nzima, ukamchukua Mwakisha. Tryphena akamchukua Elsie, akarudi kwao Mbale.

Mghoi akabaki peke yake na mafiga yake, na Mwachofi akaja, hata hakuketi.

"Shemeji, boma hili ni la ukoo. Wewe huna mwana hapa. Utarudi kwenu."

"Kwetu wapi? Kasighau hakuna mtu."

"Hilo si neno langu. Serikali ndiyo iliyowahamisha."

Ndipo Mghoi alipokumbuka kuwa anaye mjukuu.

Alishuka Voi kwa miguu. Alimkuta Wakio uani kwa Mwanarusi, anafua nguo za wanawake waliojifungua, kwani sasa naye alikuwa mkunga. Fanuel, kijana wa sauti inayovunjika, alimletea mgeni maji katika kata. Mghoi aliutazama ule mkono ulioishika, vidole sita, virefu, vizuri. Akafungua viganja vyake, akaviweka magotini.

"Tazama, Wakio. Nilizaliwa navyo. Na Reuben alizaliwa navyo. Nilivifunga mimi."

"Najua," alisema Wakio. "Nilijua siku ile. Umekuja kuniambia ninalolijua?"

"Nimekuja niseme mbele ya wazee. Mtoto apate jina la baba yake na boma lake."

"Na wewe upate pa kulala."

Mghoi akaitikia kwa kichwa.

"Angalau leo hukuapa," alisema Wakio, akakamua nguo. Angekataa. Alikuwa na haki ya kukataa, hata Mwanarusi alimkonyeza akatae. Lakini Fanuel alikuwa amesimama pale na kata tupu, na uso wake ulikuwa umefunguka kama mlango. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kusikia mtu akisema ana baba.

Wakapanda wote watatu. Wazee walikaa pale pale uani, wengine wapya, wengine ni wale wale. Mghoi alisema yote, bila kuficha: mama yake, singa, mafiga, mtoto wa Tryphena. Akainua viganja viwili juu ili waone.

Mwachofi akamwendea karibu, akamshika mkono kwa upole, akaukagua. "Mimi naona mwiba," alisema.

Watu wakacheka.

"Si mwiba! Ni kidole!"

"Shemeji, mimi nilikuwapo. Uliulamba mchanga huu. Ulisema ni mwiba, ardhi ikukatae ukisema uongo. Sasa tukuamini lipi? Ikiwa siku ile ulisema kweli, huyu si mtoto wetu. Ikiwa ulisema uongo, ardhi imekukataa, nawe ulijilaani mwenyewe. Lete basi watu wa kwenu, wenye vidole, waseme."

"Wako Malindi. Wamekufa."

"Wamekufa," alirudia Mwachofi, akakaa. Wazee wakatazamana. Shauri likaishia hapo.

Fanuel alikuwa amesimama mbele yao, mikono wazi pembeni, kama alivyoagizwa, ili ionekane. Taratibu akaikunja. Hakumtazama bibi yake. "Mama, twende," alisema.

Walishuka. Nyuma yao Mghoi aliingia nyumbani, akatoka na kibuyu na nguo moja ya kujifunika, kwani Mwachofi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Jambo aliloliogopa tangu akiwa mwali lilikuwa limefika, na lilimkuta ameshamtupia Wakio kwanza.

Aliiteremka njia ya Voi nyuma ya Wakio na Fanuel. Hawakumngoja, wala hawakumfukuza. Kila walipopinda kona aliwapoteza, kisha akawaona tena chini, wawili, yule mrefu amembebea mama yake mzigo. Naye akaendelea kufuata kwa mbali, kama mtu anayefuata mbuzi wasio wake.