Bibi Aliyezikwa Mara Mbili

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, alikua akijua kwamba bibi yake mzaa mama alifia uzazini alipomzaa mama yake. Mama yake naye alipofariki, alishikwa na hamu ya kujua kaburi la bibi liko wapi. Akamuuliza mjomba wake, kaka wa mama.

"Makaburi yale yalishajengewa zamani, mwanangu," mjomba alisema. "Waache wafu wapumzike."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku moja Bi Sindano alifunga duka akaenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alianzia kwenye cheti cha kuzaliwa cha marehemu mama yake, akapata jina kamili la bibi, la babake bibi, na mahali bibi alipozaliwa. Akapekua vifo vya mwaka aliozaliwa mama, patupu. Akahamia kwenye ndoa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Bibi yako aliolewa tena," alisema. "Mama yako alikuwa tayari mtoto wa shule."

"Umekosea mtu, dada."

"Jina la baba ni hilohilo, mahali alipozaliwa ni hapohapo."

Karani akaleta jalada la vifo vya karibuni. Bibi alifariki akiwa na mvi zake, miaka michache tu iliyopita, mtaa wa pili kutoka dukani kwa Bi Sindano. Aliyetoa taarifa ya kifo ni mwanawe. Sahihi ilikuwa ya mjomba.

Bi Sindano aliisoma sahihi ile mara mbili. Alikumbuka magauni ambayo mjomba alikuwa akimletea ayapunguze, eti ya mkwe wa rafiki yake. Kila mara kiuno kilikuwa kimepungua, na Bi Sindano akitania kwamba mteja huyu analishwa hewa.

Alimkuta mjomba sebuleni na redio yake. Hakuketi.

"Bibi alikuwa hai."

Mjomba akazima redio. "Baba alimfukuza, akatuambia amekufa. Nilipompata nimeshakuwa mtu mzima. Mama yako hakumsamehe kuolewa kwingine, akasema kwake yeye huyo ni maiti, na wewe usijue. Akaniapisha."

"Na bibi hakuniulizia?"

"Kila nikienda. Ndiyo maana nilikuletea zile nguo. Alipenda kuvaa kazi ya mkono wako."

"Kwa hiyo yeye alinijua. Asiyejua nilikuwa mimi tu." Alimsogelea. "Mama sasa yuko kaburini, na nilipokuuliza ukaniambia pamejengewa. Hapo ulikuwa unamtunzia nani kiapo?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Nitakupeleka."

"Nielekeze tu."

Alikwenda peke yake. Kaburi lilikuwa limepaliwa, limefagiwa, halina jani. Mkono wa mjomba ulionekana, na hilo nalo likamchoma. Alisimama pale asijue amlilie bibi au amkasirikie mama, akaondoka macho makavu.

Mpaka leo akikutana na mjomba humwamkia, maana ni mkubwa wake. Ila neno "mjomba" halimtoki tena kinywani.