Siku Nilipoinuka Katikati ya Mchezo

Shule mimi niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kusema. Wale niliokaa nao benchi moja waliendelea hadi la saba na la nane, na leo wengi wao huleta mahindi yao kusagwa kwangu. Nina mashine mbili za kusaga pale Marani, duka la mabati na misumari, na lori. Nyumba ya mawe ya kwanza kwenye kilima chetu ni yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Baba alikufa nikiwa mdogo, nikaanza kwa kuponda kokoto za barabara, na hapa nilipofika nimefika kwa miguu yangu. Watu wamechoka kunisikia nikisema hivyo, lakini wakichoka haiwi uongo.

Mungu alitubakizia mtoto mmoja tu, msichana. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la tano, na mimi nikampeleka bweni kwa masista, kwa sababu mwanamume wa mashine na lori angemsukaje mtoto nywele? Waliniletea wanawake wa kuoa, nikawarudisha. Nilisema nitaweza. Niliweza. Msichana akapita mtihani huu na ule, na katika miaka ya sabini akaingia chuo kikuu Nairobi, wa kwanza kutoka kilima chetu, wavulana wakiwemo. Nilichinja ng'ombe. Kila aliyeingia dukani kununua hata msumari mmoja alitoka akijua binti yangu yuko chuo kikuu.

Likizo yake ya kwanza nikamuuliza anasomea nini hasa.

"Ualimu, tata," akasema. Tata kwetu ndiyo baba. "Ualimu pamoja na drama."

"Drama ndiyo nini?"

"Michezo ya kuigiza. Unajifunza kuwa mtu mwingine mbele ya watu."

"Kwa hivyo nimekupeleka Nairobi uwe mtu mwingine?"

"Tata, nawe!" Akacheka. "Unajifunza watu walivyo."

"Watu wapo Marani, bure. Siku ya soko njoo ukae dukani uwatazame."

Tukacheka wote wawili, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Ualimu niliuelewa. Mwalimu hupewa shule, na shule ziko huku kwetu, Nyamira, Kiogoro, popote. Watu wa kuigiza niliwasikia kwenye redio, na wote walikaa Nairobi. Nyumba yangu ina vyumba sita. Nilikuwa nikila chakula changu nimewasha redio ili pawe na mtu anayezungumza. Hilo sikumwambia. Nilimwambia drama ni upuzi, nikarudia likizo ya pili, nikarudia ya tatu.

Akikaribia kuingia mwaka wa tatu alitakiwa kuchagua. Aendelee na yote mawili, au aache drama achukue historia. Siku moja alinijia mashineni, akasimama mlangoni katikati ya vumbi la unga.

"Tata, Agosti tunazunguka na mchezo wetu. Tutafika Kisii mjini. Njoo utazame mpaka mwisho. Ukisema ni upuzi, naacha. Ukisema ni kazi, hutaniuliza tena."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Nikakubali. Mimi nikikubali jambo, nimekubali.

Mjini Kisii nilikuwa na rafiki mmoja, mshonaji kutoka pwani, aliyekuja zamani na cherehani yake na hakurudi tena. Kiswahili changu hiki kilichonyooka kidogo, yeye ndiye aliyekinyoosha, kwa matusi. Nilimwendea anishonee koti.

"Bwana mkubwa, koti hili ni la kutazama mchezo au la kuposa?"

"La kutoa hukumu."

"Lo! Hakimu wa darasa la tatu. Basi nami nitakuja, nione mshtakiwa."

Mchezo ulikuwa mchana, katika ukumbi wa shule. Wanafunzi walijaa sakafuni na madirishani. Mbele palipangwa viti vya wakubwa, walimu wakuu na wazee, nami nikaenda nikakaa katikati kabisa bila kungoja kuonyeshwa. Mshonaji alikaa kushoto kwangu. Kulia walikaa wazee wawili wa upande wa Kiogoro, watu wa ukoo wetu.

Akatokea nyanya mmoja mwenye mkungu wa ndizi, mgongo umepinda, anagombana na mteja. Alimtukana yule mteja kwa adabu kabisa, akimwita mwanangu, mpaka mteja akanunua ndizi asizozitaka. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikatoa kitambaa nifute macho.

Nikamgonga mshonaji kiwiko. "Huyo nyanya wamemtoa soko gani?"

"Soko gani? Huyo si mtoto wako?"

Nikatazama tena. Nikatazama mikono yake. Alikuwa yeye. Bwana, kifua changu kilijaa mpaka vifungo vya koti vikakaza. Nimewahi kuiona mashine yangu ya kwanza ikiguruma, na haikuwa kitu mbele ya hii. Mtoto aliyetoka kwangu amesimama mbele ya watu mia kadhaa na amewashika wote kwa ndizi ambazo hazikuwa hata ndizi za kweli! Pale pale nilitoa hukumu moyoni mwangu. Nilisema, hii ni kazi. Nilikuwa nangoja tu mchezo uishe nimwambie, tena kwa sauti, walimu wakuu wasikie.

Kisha nyanya akaondoka, na baada ya kitambo binti yangu akarudi akiwa mke kijana. Akaja na mvulana wa chuo aliyekuwa mume. Yule mvulana akamshika kiuno, akaanza kumwambia maneno ambayo mume humwambia mkewe mlango ukiwa umefungwa. Naye akamjibu.

Mtu wa mbali lazima aelezwe hapa. Sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya iliyopo kati ya mzazi na mtoto wake, na kati ya rika la mzazi na rika la mtoto. Mambo ya mwili na ya kitanda hayasikilizwi pamoja. Yakianza kutajwa mahali mlipo wote wawili, hata na redio, mmoja huinuka akatoka, na kutoka huko ndiko kumheshimu mwenzako. Anayebaki amekaa ndiye amemvua nguo mtoto wake. Sikufikiri. Miguu iliinuka yenyewe. Kiti kilikwaruza sakafu, watu wakageuka, nami nikapita mbele ya jukwaa macho yangu chini mpaka mlangoni. Wale wazee wawili, ambao kwa ukoo ni baba zake pia, wakanifuata. Viti vitatu vya mbele vikabaki wazi.

Wazee wakaenda zao bila neno, maana kati yetu hapakuwa na cha kuelezana. Nikasimama peke yangu kando ya lori langu, juani. Nilisikia watu wakicheka, kisha wakanyamaza muda mrefu, kisha wakapiga makofi. Kurudi ndani sikuweza, kwa kuwa sikujua yale maneno yalikuwa yameisha au bado.

Mshonaji akatoka wa kwanza.

"We mzee una wazimu? Mtoto amefanya maajabu na wewe huku unalinda gari!"

Nikamweleza. Akanisikiliza, akakuna kidevu.

"Basi mwambie hivyo."

"Siwezi. Kumwambia ni kulitaja lile lile nililolikimbia. Kwetu baba halisemi."

"Nani hulisema?"

"Nyanya yake. Au shangazi."

"Haya, nyanya yuko wapi?"

"Alikufa."

"Shangazi?"

"Sina dada."

"Mke huna, dada huna, mama huna," akasema, na safari hii hakuwa akinicheka. "Bwana mkubwa, una nini?"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mwanamume mgeni, nikamzungumzie binti yako mambo ya kitandani? Si ndiyo utanipiga?"

Kweli ningempiga.

Akaja binti mwenyewe, poda ya uzee ingali kwenye nyusi. Mshonaji akasogea pembeni.

"Tata, uliondoka."

"Niliondoka."

"Tulisema mpaka mwisho."

Ungefikiri mtoto wa Mgusii angejua. Lakini chinsoni hufundishwa jikoni na nyanya, na huyu alilala bweni tangu utotoni, akiombewa na masista na kufundishwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyempeleka. Labda alidhani ukumbi wa mjini hauna sheria hiyo. Labda alidhani yule mwanamke jukwaani si yeye, na mimi ningemwona yule mwingine. Mimi nilimwona mtoto wangu.

"Ni upuzi?" akaniuliza.

Ningesema hapana, angeuliza mbona basi nilitoka. Nikatazama gurudumu la lori.

"Jua kali," nikasema. "Umekula?"

Akafuta poda kwa kiganja. "Nimeelewa, tata. Nitachukua historia." Akainama kidogo, kwa heshima, akarudi kwa wenzake, na basi lao likaondoka jioni hiyo hiyo kwenda mji mwingine.

Barua niliianza mara tatu. Mkono wangu huandika stakabadhi vizuri, barua huishinda. Mwishowe nilituma mstari mmoja: Soma unachotaka. Jibu lilikuja na hati nzuri sana. Alinishukuru, akasema fomu ilikuwa imekwisha jazwa, na akaniombea afya njema.

Alipomaliza alipewa shule ya wasichana huko Nyamira, karibu na nyumbani, kama nilivyoomba. Nilimpeleka kwa lori langu mwenyewe, godoro na sanduku nyuma, mimi na lile koti. Mwalimu mkuu, mama mmoja mchangamfu, alituketisha ofisini na chai.

"Historia na Kiswahili, vizuri," akasema akisoma karatasi. "Lakini niambie, mwalimu, huko chuoni hukugusa drama? Wasichana wangu wananisumbua wanataka mchezo, na hapa hakuna hata mmoja anayejua pa kuanzia."

Nikashika kikombe. Nilimwona binti yangu akikitazama chake.

"Hapana, madam," akasema. "Sikusoma."

Nafasi ilikuwa pale mezani, kubwa kama mlango. Ningesema neno moja tu, kwamba huyu alinifanya nilie kwa kicheko mbele ya watu. Mimi ambaye sinyamazi, mimi ambaye hata padri hunikatiza.

"Ana bidii sana," nikasema. "Katika kilima chetu ndiye wa kwanza."

"Naona," akasema mwalimu mkuu, akafunga faili.

Nikatoka kwenda kushusha godoro.