Kijiko cha Nyanya wa Ifrah

Kosa ni langu, msomaji, simsingizii mtu. Nilimdanganya mtoto wa watu kuhusu marehemu nyanya yake, na wakati namdanganya nilikuwa nimeshika kijiko. Ningekuwa nimeshika sufuria pengine yote haya yasingetokea. Lakini kilikuwa kijiko!

Majina nimebadilisha. Langu silitaji kabisa, maana Birmingham ni kubwa lakini sisi tunajuana, na mke wangu husoma ukurasa huu.

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msicheke nikisema nimekaa chuo miaka sita. Jikoni! Ni chuo kidogo cha binafsi kule Hockley, ndani ya jengo lililokuwa karakana ya vifungo vya nguo. Wanafunzi wote hawajazi mabasi mawili. Na masomo yao, wee! Kwetu mtu huenda chuo akatoka daktari au wakili. Hawa husoma kila kitu kidogo kidogo, leo nyota, kesho mashairi, keshokutwa siasa za wafalme waliokufa, halafu wanabishana. Nilimuuliza mmoja, "Sasa ukimaliza utakuwa nani?" Akaniambia hilo ndilo swali wanalosoma. Nikamwongezea viazi.

Nilikuwa naenda kazini kwa miguu kutoka Ladywood, maana lifti ya ghorofa letu ilikuwa mbovu, na goti likishashuka ngazi zote zile halitaki kusimama tena kungoja basi. Goti lenyewe niliumia Isiolo, kule Kenya, niliangukiwa na gunia la sukari, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Nilikuwa wapi? Enhe. Isiolo ikumbukeni, itarudi.

Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Kila Jumatano mchana watu wote wanakula meza moja ndefu: walimu, wanafunzi, wafagizi, na sisi wa jikoni na aproni zetu. Hakuna kuchagua kiti. Unakaa palipobaki.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Wale vijana waliniuliza habari za kwetu, na nikianza kusimulia waliweka simu chini. Simu chini! Wanangu wenyewe hawajawahi. Mtu aliyeosha sufuria maisha yake yote akisikilizwa na watu wa vitabu, kichwa huvimba. Changu kilivimba mpaka kofia ikakataa.

Sasa Ifrah. Binti wa Kisomali, mama yake ni muuguzi aliyelelewa Kenya, yeye amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kizungu. Alikuwa mwaka wa mwisho, na mwaka wa mwisho kila mmoja huandika kazi ndefu, kisha anasimama mbele ya walimu watatu kuitetea. Ifrah aliandika kuhusu namna watu wanavyoagana na msafiri.

Nyanya yake aliishi Isiolo akafia Isiolo. Walijuana kwa simu tu. Basi aliposikia nimewahi kupika kwenye hoteli ya chai Isiolo, Jumatano moja akakaa karibu yangu, daftari wazi, akajilazimisha kusema Kiswahili.

"Babu, mtu akisafiri, watu wa kwa nyanya walifanya nini?"

Jamani, sikujua! Isiolo nilikaa miezi minane, yote nyuma ya jiko la kuni. Wasafiri niliwaona migongo. Lakini meza nzima inanitazama, na mtoto anauliza habari za kwao. Sisi wazee wa huku tuna ugonjwa huo. Mtoto akiuliza habari za nyumbani, tunajiona sisi ndio nyumbani penyewe.

Nikatazama mkononi. Kijiko.

"Jirani," nikasema polepole, "huficha kijiko chake ndani ya mzigo wa msafiri. Msafiri akikikuta huko mbali, anajua lazima arudi, maana kuna mtu anakunywa uji kwa kupuliza na kufyonza, akimngoja."

Uongo mtupu! Lakini mtamu.

"Na nyanya yangu?"

"Nyanya yako, na nyanya wote wa Isiolo."

Akaandika. Kila neno, Mungu wangu!

Wiki mbili baadaye ikaja likizo, na vijiko vikaanza kupotea. Wanafunzi wanafichiana mabegini! Huyu anaenda kwao Aston, kituo kimoja tu cha treni, naye kawekewa kijiko ili arudi. Mwalimu wa falsafa alikutwa na vitatu ndani ya koti.

Bosi wetu wa jikoni alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, na yeye vijiko alivijua kama watoto wake.

"Papa," akaniita, mikono kiunoni, "bijiko biko wapi? Asubui biko, midi, saa sita, hakuna! Hawa batoto banakula bijiko?"

"Labda vimeanguka kwenye taka, Mama Furaha."

"Byote? Biliruka?"

Siku ile tulikula supu kwa uma. Nilicheka pale kwenye sinki mpaka machozi. Niliona nimefanya jambo kubwa. Desturi yangu! Mtu wa darasa la tatu!

Kisha siku ya kutetea ile kazi ndefu, Ifrah akaja jikoni, amevaa vizuri, uso unang'aa. "Babu, please, njoo uwe shahidi wangu." Walimu walikuwa wameuliza habari ile ya kijiko ameitoa wapi, maana haimo kwenye kitabu chochote. Akawaambia mwenye habari yuko chini anaosha sufuria. Wakasema apande.

Nilipanda na aproni. Walimu watatu, glasi za maji, na kiti changu katikati. Mwalimu mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole akaniuliza kwa Kizungu niliiona wapi desturi hii.

"Isiolo," nikasema. "Karibu na soko." Naye akaandika! Akauliza ni vijiko vya aina gani. "Vya bati," nikasema. Ulimi ulikuwa umekata breki.

Ndipo Ifrah akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua mezani. Ndani yake kijiko. Cha zamani, shingo imepinda kidogo.

"Mama alikikuta ndani ya sanduku la nyanya, walilotutumia alipofariki," akasema. "Kilifungwa na nguo zake. Hatukujua ni cha nini mpaka Babu alipotuambia." Akanigeukia. "Mama ameomba ruhusa kazini. Anaenda Isiolo mwezi ujao, amtafute mwenye kijiko amrudishie."

Nikamwona yule mama, muuguzi wa watu, anabisha hodi mlango kwa mlango na kijiko mkononi. Samahani, nani hapa anakunywa uji bila kijiko? Kwa ajili yangu! Kwa ajili ya kofia yangu!

"Ifrah," nikasema, "mwambie mama asiende. Niliitunga. Siku ile pale mezani. Nyanya yako sikumjua."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Ifrah alikunja kitambaa, kona moja, kona ya pili, akatia kijiko mkobani akatoka.

Mama yake hakwenda Isiolo. Wenzake walivaa majoho mwezi wa saba. Yeye hakuvaa. Walimu walimpa kiangazi chote aandike upya, na huku nyuma mimi nikagawa keki ya sherehe iliyokuwa yake pia. Nilikata vipande vyembamba.

Mama Furaha nilipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Halafu akainuka. "Papa, ulikosea mubaya. Bijiko nitanunua bingine. Ile ya mutoto utanunua wapi?"

Jumatano sikukaa tena mezani. Nilikula jikoni, nimesimama. Hakuna aliyenikataza.

Ifrah alirudi majani yakianza kuanguka. Alikuwa ameandika jinsi uongo wa mzee mmoja ulivyogeuka desturi ya chuo kizima, na nasikia nimo kurasa nyingi, sipendezi hata moja. Alifaulu. Alikuja jikoni kuniambia, akasimama kando ya sinki.

"Babu, sasa kwa nini nyanya alikuwa na kijiko sandukuni?"

Haki ya Mungu, zilinijia hadithi tatu papo hapo. Moja ilikuwa na harusi! Nikazimeza zote, moja moja, na zilikuwa na miba.

"Sijui, mama," nikasema.

Akachukua kitambaa kikavu, akaanza kufuta vijiko nami mpaka vikaisha.

Wazee wenzangu mlio huku, nawasihi. Mtoto akikuuliza habari za kwao nawe huna, usimtengenezee. Kuna mtu anaweza kupanda ndege kwa sababu ya domo lako! Mwambie hujui. Inauma kama jino, lakini inapita.

Na wewe uliyesoma chuo kile, tazama ndani kabisa ya begi lako. Mama Furaha bado ana upungufu wa vijiko kumi na tisa.