Chupa Namba Kumi na Nne

Walikuja watu wawili wa takwimu, wakazunguka kwetu wiki nzima na maswali yao, na baada ya miezi kadhaa karatasi yao ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya ushirika. Ilisema wilaya yetu ni ya wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, kila kaya ina ng'ombe wawili au watatu, zaidi ya nusu ya wenye mifugo wamevuka miaka hamsini, na vijana wengi wamehamia mjini. Yote kweli tupu. Kwetu ukitaka kuona ujana nenda zizini. Lakini namna tunavyotendeana haikuandikwa, na mwanamke ninayetaka kumsimulia aliingia humo kama "mwajiriwa mmoja, kituo cha kukusanyia maziwa". Wakamaliza, wakaenda zao.

Sisi tulimwita Mama Kipimo. Hakuwahi kuzaa; umama huo alipewa na foleni. Kwa miaka ishirini na minane alisimama kwenye jukwaa la saruji la kituo, koti jeupe, viatu vya mpira, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, akipokea maziwa ya kaya mia moja na arobaini. Kila keni, kopo la kubebea maziwa, aliifunua akainusa. Akachovya ile laktomita yake, kijiti cha kioo kinachozama zaidi maziwa yakitiwa maji. Halafu akachota kidogo akajaza kichupa chenye namba ya mwenye maziwa, akakipanga sandukuni, ili kukitokea kasoro mkosaji ajulikane. Hakuwa na simile. Mwenyekiti wa ushirika mwenyewe aliwahi kurudishwa na keni yake kichwani mbele ya watu.

"Mwenyekiti, maziwa yako leo yameoga," alimwambia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mwenyekiti akabaki kucheka kwa meno tu.

Mtu mmoja hakupimwa. Huyo ni dada yake.

Mama yao alifariki Mama Kipimo akiwa na miaka saba. Dada, aliyekuwa na kumi na tisa, akavunja uchumba wake akabaki nyumbani kumlea. Alimsuka, akamsomesha, akamtafutia hata hiyo kazi ya kituoni. Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo utamfunulia keni na kuinusa mbele ya majirani, kana kwamba unamshuku? Mama Kipimo hakuweza. Dada alipofika, alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, akaipokea keni kwa mikono miwili na kuimimina moja kwa moja kwenye tangi. Chupa namba kumi na nne ilikaa tupu miaka yote. Tuliliona hilo kila asubuhi na tulilipenda. Tulisema, jamani, huyu binti ana adabu.

Sasa, ushirika wetu una zawadi ya mtamba. Mfugaji anayeleta maziwa mwaka mzima bila kukosa hata siku moja hupewa ng'ombe jike mchanga wa mbegu bora, anayekaribia kupandishwa. Ni wachache sana wanaofika, maana ng'ombe akiugua na kuchomwa sindano, maziwa yake humwagwa mpaka dawa iishe mwilini, na mwenyewe humwambia Mama Kipimo asubuhi ileile. Mwaka ule Dada, mwenye ng'ombe mmoja tu wa kukamua, alikuwa amebakiza mwezi mmoja. Tulimtania foleni nzima, tukimuuliza mtamba atamlaza chumba gani.

Asubuhi moja gari la kiwanda cha maziwa lilikuja kama kawaida. Mpimaji wao alitia karatasi zake za kupimia ndani ya tangi letu, akasubiri, akarudia tena na karatasi nyingine. Kisha akafunga mfuko wake.

"Tangi lina dawa," alisema. "Sichukui."

Lita elfu mbili zilifunguliwa mtaroni. Nilisimama pale na keni yangu tupu nikiyaangalia maziwa ya watu yakipita miguuni mwetu, meupe kabisa. Sanduku la vichupa lilikwenda kiwandani. Majibu yakaja kesho yake: chupa mia moja thelathini na tisa, zote safi. Na kiwanda kikasema gari halitakanyaga kwetu mpaka ushirika umchukulie hatua aliyehusika.

Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya. Mama Kipimo aliifanya kabla yetu sote. Kabla sanduku halijachukuliwa alikaa nalo mapajani kwenye ngazi ya jukwaa, kidole kimoja kikiwa kwenye tundu la namba kumi na nne. Nilimwona. Uso wake ulikuwa umemshuka kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Mkutano uliitwa siku ya nne. Ukumbi ulijaa, madirisha yalijaa. Mwenyekiti, ambaye nadhani hakuwa amesahau kuoga kwa maziwa yake, alimuuliza Mama Kipimo kama ni kweli kuna mtu hakumpima. Alijibu ni kweli. Hakujitetea hata kwa neno moja. Aligeuka tu, akamtazama dada yake aliyekaa mstari wa pili.

"Dada, naomba nikuulize. Yule ng'ombe wako mwekundu ulimchoma sindano?"

Dada alisimama. Alitengeneza kitambaa chake kwanza. Mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa amekaa nyuma yake, na nilimwona akiinama ghafla kama anatafuta kitu sakafuni.

"Sikumchoma," Dada alisema kwa macho makavu. Kisha akawageukia watu. "Na kama maziwa yangu yalikuwa na dawa, kazi ya kupima ni ya nani? Mimi ni mfugaji, naleta maziwa. Nilimkataza mimi asinipime? Nimemlea huyu hajui hata kujifunga kamba ya kiatu, leo ananisimamisha mbele ya mkutano kama mwizi!"

Wazee wawili wakaguna kumuunga mkono. Kweli bwana, nani alimkataza?

Mama Kipimo angeweza kumwita yule wa duka la dawa. Angeweza kusema neno moja tu na ukumbi ungepinduka. Alikaa chini. Mpaka leo nikiikumbuka ile namna alivyokaa, taratibu, akishika kiti kwanza kama kikongwe, roho inaniuma.

Mwenyekiti akasema wanaotaka aondolewe kazini wanyooshe mikono. Mikono ilikwenda juu. Wangu pia ulikuwa juu, nisijitoe. Maziwa yangu ya siku nne yalikuwa yamechacha kwenye ndoo, nilitaka gari lirudi, na kichwani nilikuwa na ile hoja nzuri ya kwamba sheria ni sheria. Watu tuliokuwa tukiisifu adabu yake kila asubuhi tulimhesabia kosa kwa adabu hiyohiyo. Dada naye alinyoosha. Si juu sana. Usawa wa sikio. Lakini alinyoosha.

Gari likarudi. Kituoni akaletwa mpimaji mpya, mwanamke mkimya mwenye miwani, asiyejua ukoo wa mtu. Zawadi ya mtamba mwaka ule ilifutwa, kwa vile zile siku nne hakuna aliyepeleka maziwa. Mama Kipimo akabaki na ng'ombe wake mmoja, na asubuhi akawa anapanga foleni kama sisi. Watu walimsalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Yeye alijibu, akaangalia mbele.

Mimi na yeye tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Wiki ya tatu, saa za mchana, nilikuwa nimechutama nikikata majani ya ng'ombe upande wangu, Dada akaingia uani kwa Mama Kipimo. Ningekohoa wajue nipo. Sikukohoa.

"Mdogo wangu," Dada alianza. "Nilimchoma. Kiwele kilivimba, dawa nikanunua mwenyewe dukani. Zilibaki siku thelathini tu. Nikasema tangi ni kubwa, dawa kidogo itapotelea humo. Sikujua."

Mama Kipimo alikuwa akiosha ndoo. Aliendelea kuiosha.

"Nisamehe. Mimi ndiye mama yako."

"Ningekusamehe hata lile la maziwa," Mama Kipimo alisema. "Nilikuuliza mbele ya watu, dada. Na ulijua kwamba najua. Ukanitazama usoni."

"Niliogopa."

"Basi kesho asubuhi simama pale jukwaani, foleni ikiwepo, useme hivi hivi ulivyoniambia mimi. Kazi sitaki wanirudishie. Sema tu."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye ndoo.

"Mdogo wangu, na umri huu? Nitaonekanaje mbele za watu?"

"Kama nilivyoonekana mimi."

Nilisikia viatu vya Dada vikiondoka polepole, vikipita njia ya nyuma ambako hakuna nyumba.

Kesho yake niliwahi foleni, na sitasema uongo, niliwahi ili nimsikie Dada. Mama Kipimo alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amevaa kitambaa kipya na alisimama wima, keni miguuni, akiangalia njia. Dada alikuja. Zamu yake ikafika, mpimaji akafunua keni, akanusa, akachovya kijiti, akajaza chupa namba kumi na nne. Dada alibaki jukwaani muda kidogo, mkono mmoja kwenye chuma, mdomo wazi nusu. Kisha akaifunika keni yake, akashuka, akatupita bila kutazama mtu.

"Anayefuata," akasema mpimaji, na Mama Kipimo akainua keni yake.