Benchi la Baba Wakwe

Nikiona gazetini picha ya kampuni imesimama na wanakijiji, wote meno nje, na nyuma yao bomba jipya la maji, huwa nafunga gazeti kwa hasira. Wanangu hunishangaa. "Mama, si wametoa msaada? Kosa lao nini?" Siwajibu, maana maelezo ni marefu, na sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe. Leo nitayatoa yote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipokuwa inauza viwanda vyake. Kiwanda cha chai kilichonunua majani yetu, sisi wakulima wadogo wa upande wa Kyimo, kilipata mwenyewe mpya. Huyo mwenyewe hatukumwona hata siku moja. Tulimwona meneja wake, kijana kutoka Dar es Salaam, aliyefika Rungwe na viatu vyeupe mwezi wa Aprili. Watu walivitazama vile viatu, wakatazamana, hakuna aliyemwambia kitu.

Mimi nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani. Kituo chenyewe ni kibanda cha mabati kando ya barabara, kilichokuwa wazi upande wa mbele, na mizani ya kuning'iniza katikati. Wanawake walichuma tangu asubuhi, wakaleta vikapu vyao, nikapima, na saa nane mchana lori likaja kuchukua. Majani ya chai hayana subira. Yakikaa yameshindiliwa kwenye kikapu yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwandani hayatoi chai ya kunywa mtu. Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa hiyo: majani yapimwe mapema, yaondoke mabichi. Na yaliondoka mabichi. Hilo nalisema kwa majivuno, maana ndilo jambo pekee la kujivunia katika habari hii.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mke anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawasemeshani. Si woga wala chuki. Ni heshima, nimelelewa nayo, na sikubali mtu aicheke mbele yangu. Nilikuwa nimeolewa miaka sita, na baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake, na kwa mabuti yake ya mpira ambayo la kushoto lilikuwa na kiraka cha tairi la baiskeli. Uso wake sikuujua.

Kituoni jambo hili halikutusumbua, kwa kuwa wazee hawakuwa na shughuli huko. Kuchuma na kubeba ilikuwa kazi ya wanawake. Wazee walikuwa na ng'ombe wao na kahawa yao.

Siku moja meneja akanifuata kituoni. "Dada, kampuni inataka kurudisha kwa jamii. Nyie huku mnahitaji nini?"

Sikumwuliza anarudisha nini alichochukua. Akanieleza kwamba mkulima akiipenda kampuni ataleta majani mengi na mazuri, na kampuni itafanya vizuri, na makao makuu wataona. Alisema kama mtu anayenifundisha kuhesabu. Halafu akaongeza, "Wewe nakuelewa, umestaarabika, si kama hawa wengine." Nami, mjinga mimi, nikafurahi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilijua kupiga taipureta, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeonyesha kwamba anaona tofauti.

Ukaitishwa mkutano ofisi ya kijiji. Wazee walikaa ndani. Sisi wake za watu tulikaa nje, nyuma ya ukuta, kama kawaida, tukisikiliza kupitia dirisha. Meneja akauliza swali lake. Wazee wakashauriana kwa Kinyakyusa, kisha mmoja akasimama akasema wanaomba benchi lenye paa na bomba la maji, pale kituoni, ng'ambo ya mizani, kwa sababu pale barabara inapita na mtu anapata habari za Tukuyu. Meneja akapenda sana. Ni kitu cha bei nafuu, na kila anayepita na gari atakiona.

Akatoka nje, akanikuta. "Kuna tatizo lolote, dada?"

Nililiona tatizo lote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Niliona wake za watu wakifika kwenye kona na kukuta baba wakwe wamejipanga mbele ya mizani. Neno moja tu lilihitajika: jengeni upande wa pili wa kibanda. Lakini ningelazimika kumweleza kwa nini, na yeye angecheka, na mimi ningekuwa kama hawa wengine.

"Hakuna, bosi," nikasema.

Benchi likajengwa kwa saruji, likapigwa paa la bati, na jina la kampuni likaandikwa kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kuliko za kanisani kwetu. Siku ya kwanza tu wazee kumi wakalijaza, nao walikuwa baba wakwe wa karibu kila mwanamke aliyechuma chai. Nami nikiwa nimeshika mizani nikasikia kikohozi ninachokijua kinakaribia. Nikaivua kanga yangu ya pili, nikaitundika mbele ya kibanda, nikaanza kupima nyuma yake kama mwizi.

Wanawake walifika kwenye kona, wakaona fimbo zimeegeshwa, wakaingia kwenye migomba. Wajasiri walizunguka nyuma kupitia mtaroni, matope hadi magotini, na kikapu kichwani. Wengi walisubiri wazee waende kula. Wazee wenyewe, wenye kivuli na maji na habari za Tukuyu, waende kula wapi? Lori likaja saa nane, likaondoka na nusu ya mzigo. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mke wa shemeji yangu, msichana mdogo, mimba kubwa, mume wake amekwenda kutafuta kazi Mbeya mjini. Chai ile ndiyo iliyokuwa inamlisha. Kituo kikifanya kazi, anakula; kisipofanya, hali. Siku moja alikaa kwenye migomba tangu asubuhi mvua inamnyeshea, akatokea lori limeshaondoka. Akamwaga kikapu chake chini ndani ya kibanda. Niliingiza mkono katikati ya majani, yalikuwa moto kama kitanda cha mtu mwenye homa.

"Dada," akasema, "siku ya mkutano ulikuwa unaongea na huyu mkubwa wako. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Hicho ndicho ninachokuuliza."

Nikamwendea mama mkwe, nikamwomba azungumze na mzee ili wenzake wahamie mahali pengine angalau mpaka saa nane. Akaenda, akarudi na jibu. "Anasema hivi: benchi la kampuni, mizani ya kampuni, sasa kosa la wazee liko wapi? Mwenye vitu avipange." Nilikasirika usiku na mchana. Niliwachukia wazee wale na uvivu wao wa kukaa. Baadaye hasira ikahamia kwa yule aliyeistahili.

Meneja alikuja amefura. Kiwandani wanaoonja chai walikuwa wamelalamika, majani yetu yalikuwa yamepungua na yaliyofika yalikuwa mekundu. "Tumewajengea bomba, tumewajengea benchi, na ndiyo kwanza wanakuwa wavivu! Shukrani ndiyo hiyo?"

Hapo ndipo nilipomweleza. Miezi minne nimechelewa, lakini nilimweleza. Akacheka, kama nilivyojua.

"Kwani wakionana wanakufa? Waambie waache ushamba. Mbona wewe unafanya kazi hapa?"

Nikamwonyesha kanga.

"Hiyo? Mimi nilidhani umeweka kuzuia jua."

Jua, Rungwe, kwenye mvua karibu mwaka mzima. Miezi minne mtu anaingia na kutoka, anazuiliwa na kanga mlangoni, na hajajiuliza. Nikamwomba basi mizani ihamishwe nyuma ya kibanda, fundi mmoja na siku mbili. Akasema hakuna kuhamisha kitu kabla wageni wa makao makuu hawajaja kupiga picha, kwa sababu mradi umeshaandikwa kwenye ripoti kwamba umekamilika na unatumika. Nilijua umeandikwa. Ripoti niliipiga mimi kwa mkono wangu. Penye kichwa cha uhusiano na jamii niliandika "umefanikiwa", na chini yake, penye kichwa cha mavuno, "wakulima wamepoteza ari". Ukurasa mmoja, vidole vilevile.

Wageni wakaja. Wazee walipewa vikombe vipya wavishike. Mpiga picha alisimama mbele ya kibanda, mgongo wake karibu unagusa kanga yangu, akasema tabasamuni wazee. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mizani isiyo na kikapu.

Mwezi uliofuata kituo kikafungwa. Barua ilisema hakina tija. Mizani ikapakiwa kwenye lori, na benchi likabaki. Wanawake wakaambiwa wapeleke majani kituo cha ng'ambo ya bonde, njia ya kuteleza, kushuka na kupanda. Mke wa shemeji yangu alijifungua, akabeba mtoto mgongoni na kikapu kichwani, akaenda hivyo msimu mmoja. Kisha akaacha. Alirudi kwao Kinyala na mtoto, na shamba lake la chai likaota likawa msitu. Michai isipochumwa inakuwa miti. Watu wanakata kuni pale mpaka leo.

Mwisho wa mwaka kampuni ikatuletea kalenda, moja kwa kila nyumba iliyowahi kuuza majani. Ilikuwa karatasi moja kubwa: juu picha ya benchi na wazee kumi, katikati maneno "Pamoja na Jamii", chini tarehe. Wake za watu tukaulizana, je, picha nayo ni ya kukimbiwa? Hakuna aliyejua, haijawahi kutokea. Tukaamua kuheshimu. Nyumba baada ya nyumba kalenda zikatundikwa zimegeuzwa ukutani, tarehe na wazee wote ndani, na mwaka mzima tukawa tunaulizana leo tarehe ngapi.

Mchana mmoja nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaigeuza. Nitasema ukweli, nilitaka kumwona huyo mzee aliyenifanya nijifiche, nimchukie vizuri uso kwa uso. Lakini nyuso zilikuwa kumi na sikujua upi ni wake. Ikabidi nitafute mabuti. Nikaliona la kushoto, lenye kiraka cha tairi, mwisho kabisa wa benchi. Nikapandisha macho taratibu, magoti, fimbo, kikombe.

Wazee tisa walikuwa wanaitazama kamera. Yeye alikuwa amegeuza kichwa kabisa, anatazama migombani, shingo imekakamaa, na sikio tu ndilo linaloonekana. Nyuma ya mpiga picha kulikuwa na kanga yangu, naye alijua niko hapo. Ndivyo alivyokuwa amekaa miezi yote ile, kila siku, amegeuka upande, kwa ajili yangu. Yeye alikuwa ametimiza sehemu yake, na mimi, niliyekuwa na mdomo na meneja mbele yangu, sikutimiza yangu.

Nikaigeuza kalenda tena ukutani, nikaenda kuchota maji mtoni, maana bomba lile nalo lilikuwa limeshakauka.