Majani ya Yahaya

Yahaya ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani wa fuso. Ni mzaliwa wa Tabora mjini, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na mdomo usiojua likizo. Madereva wa njia ya Itigi wanamwita Kamanda, ingawa hajavaa gwanda hata siku moja maishani. Cheo alikipata kwa kazi moja tu: kuwaambia wenzake trafiki wamekaa wapi na tochi, ile mashine yao ya kupima mwendo.

Alianza kama wote, kwa kumwashia taa mara mbili kila anayepishana naye. Baadaye likaja kundi la simu la madereva mia mbili na kumi na wawili, naye akawa msimamizi wake. Ikaja pia ramani ya kwenye simu, inayosema yenyewe kwamba mbele kuna askari. Lakini kati ya Tura na Igalula mtandao hukatika, na ramani inakuwa bubu. Hapo Yahaya akabuni lake. Akishaipita tochi husimama mbele kidogo, akakata matawi mabichi na kuyaweka barabarani upande wa wanaokuja. Majani barabarani kila dereva anayajua tangu zamani: punguza mwendo, mbele kuna gari bovu. Wenzake wakazoea kwamba ya Kamanda ni ya trafiki, na wakayapenda mno.

Alhamisi iliyopita trafiki mmoja, Apolinaria, alimsimamisha pale Igalula, karibu na shule.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye Kamanda?"

"Marahaba, afande. Watu wanapenda utani."

"Unawaambia wenzako ninapokaa. Hilo unaliona sawa?"

"Nitajie kifungu, afande. Mimi nawaambia wapunguze mwendo, na wewe unataka wapunguze mwendo. Si kazi yetu ni moja? Bibi yangu alisema hata wapagazi wa pembe za ndovu, njia hii hii, walikuwa wakiwawekea tawi wenzao wa nyuma."

"Kifungu sikijui, sikudanganyi. Nitawauliza wakubwa. Ila niambie, wakishanipita wanafanya nini?"

"Wanakanyaga mafuta. Hata wewe ungekanyaga."

Apolinaria aliitazama tena leseni aliyokuwa akiikagua. Alimrudishia polepole, akasema kifungu kikipatikana ataiomba tena. Yahaya alifika nyumbani na maneno hayo tumboni. Leseni ndiyo mkono wake wa kulia, na bila hiyo hajui kufanya kitu kingine chochote.

Jumatatu saa nane mchana alikuwa akirudi na shehena ya mafuta ya alizeti. Baada ya Tura, mita chache kupita kona, gari lilipiga kishindo na kusimama. Boliti za propela, lile chuma zito linalozungusha magurudumu ya nyuma, zilikuwa zimekatika. Anakleti, fundi wa Ulyankulu anayesafiri naye, akaingia chini bila maneno, miguu ikabaki nje upande wa lami. Pembetatu ya gari ilivunjika tangu Ramadhani na Yahaya hakununua nyingine. Akakata matawi, akayaweka nyuma ya kona mafungu matatu, akarudi akiwa ametulia kabisa.

Ikaja pikapu. Yahaya aliisikia ikipunguza mwendo kwenye fungu la kwanza, ikanyata hadi la tatu, kisha ikanguruma. Ilitokea kwenye kona kwa kasi, ikayumba, ikapita kando ya miguu ya Anakleti kwa nafasi isiyozidi mkono mmoja. Dereva hakugeuka.

Yahaya aliganda. Sasa alielewa. Wa pikapu waliyadhani majani ni ya trafiki, wakatafuta askari porini, wakamkosa, wakakanyaga mafuta.

"Anakleti, toka chini!"

"Siwezi. Nimelipakata propela kifuani, nikiliachia linanivunja. Nipe dakika mbili."

Mbali kule nyuma honi ya basi ikalia, ile yenye milio mitatu. Ilikuwa ya Uwesu, shemeji yake, kaka wa mkewe Asmahani, na basi lake halijawahi kuja tupu. Simu ya Yahaya haikuwa na mtandao hata kidogo. Alivua kandambili, akakimbia kurudi nyuma ya kona, lami ikimchoma nyayo.

Basi lilikuwa limefika fungu la pili, linakwenda pole kama gari la harusi. Kichwa cha Uwesu kilikuwa kimegeukia porini. Akapita la tatu, akanyoosha shingo, akainua mguu na kukanyaga. Yahaya akapunga mikono yote miwili. Uwesu alimtambua, akamwashia taa mara mbili kumshukuru, na kuzidisha mwendo.

Yahaya akaacha kupunga. Akasimama juu ya mstari mweupe, akatandaza mikono, akafumba macho.

Breki zililia mpaka akadhani zimekwisha. Alipofumbua macho, joto la rejeta lilikuwa linampiga usoni.

Uwesu alishuka mbio. "Shemeji, unataka kufa? Hiyo tochi ya leo imekaa wapi mpaka usimame katikati ya barabara?"

 Yahaya alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye kona. Miguu ya Anakleti ilikuwa pale pale juu ya lami, na chini ya gari spana ilikuwa ikigonga. Uwesu alichuchumaa, akashika kichwa.

"Nilikuwa natazama porini," alisema. "Barabara sikuitazama kabisa."

Saa kumi na moja waliingia Igalula, gari limefungwa boliti za kuazima. Karibu na shule Apolinaria alikuwa amesimama na tochi yake, watoto wa zamu ya mchana wanavuka. Yahaya alimpita taratibu, na kwa mara ya kwanza aliona haya kumtazama. Mtandao uliporudi alisimama, akalitumia kundi sauti yake: "Leo majani yangu yalikuwa ya gari bovu. Uwesu kidogo amuue Anakleti. Makosa ni yangu. Sitaweka tena majani ya tochi."

Majibu yakaanza kumiminika hapo hapo.

"Pole sana, Kamanda."

"Mungu mkubwa."

"Pole Kamanda. Na Igalula leo vipi, wapo?"

Yahaya alilisoma hilo la mwisho mara mbili. Kwenye kioo cha pembeni watoto walikuwa bado wanavuka. Akaizima simu.